Soketi ya Uani

Nyumba ndogo ya uani kwangu, hapa Gombani, nilimpangisha mwalimu wa kike aliyetoka bara. Alikuwa akisomesha hesabu, mtu mkimya, asiye na ugomvi na yeyote.

Maji ya bomba letu hayana nguvu ya kupanda tangini, kwa hiyo niliweka pampu uani, na ukutani juu yake soketi. Fundi aliniambia nitafute soketi ya nje, yenye kifuniko. Nilizunguka maduka mawili ya Chake, sikuipata, nikarudi na ya ndani.

"Hii mvua itaiingia," alisema fundi.

Nikamwambia aifunge tu, nyengine nitaileta.

Masika yakaingia. Bati la upande ule lilimwaga maji yote ukutani. Siku moja mwalimu akanambia, "Mzee, ile soketi ya pampu inanitia ganzi nikiigusa."

"Nitamwita fundi," nikamjibu.

Nikaifunika kwa mfuko wa nailoni, nikaubana kwa selotepu, na nikajiona nimefanya jambo. Wiki ya pili akarudia maneno yale yale, nami nikarudia jibu langu. Fundi sikuwa nimempigia hata simu.

Asubuhi ile nilikuwa nanywa chai. Nilisikia ndoo ikianguka, kisha sauti ambayo mwanzo sikujua kuwa ni ya mtu. Nilipotoka nilimkuta mwalimu kasimama pekupeku ndani ya maji, mkono wa kulia umeganda kwenye plagi, mwili wote unatetemeka. Nilikimbilia swichi kubwa nikazima. Akaporomoka chini, na mimi nikaogopa kumgusa.

Hospitali walimwokoa. Vidole viwili walivikata, na kiganja kikajikunja, hakikufunguka tena.

Alipotoka hospitali, sheha, kiongozi wa mtaa wetu, alituita nyumbani kwake. Watu wa umeme walikuwa wameshakuja kutazama, wakasema dhamana yao inaishia kwenye mita. Sheha akanigeukia.

"Basi mwenye dhamana ni nani?"

Nilimtaja fundi. Nikasema ndiye aliyefunga, ndiye anayeijua kazi. Nikailaumu na mvua, kwamba mwaka huu imezidi. Mdomo ulikuwa ukienda wenyewe.

Mwalimu alinisubiri mpaka nikamaliza.

"Fundi nilimwona siku moja tu," alisema. "Niliyemwambia ni wewe, mzee. Mara mbili."

Hakupandisha sauti. Alikuwa ameuweka mkono wenye bandeji juu ya paja, na sheha alikuwa hautazami. Nilitamani anitukane, nipate la kujibu.

"Ni mimi," nikasema.

Matibabu niliyabeba, na soketi niliing'oa. Yeye alihamia Vitongoji, kwa mwalimu mwenzake, na wenzake wa skuli ndio waliokuja kuchukua vitu vyake. Nilisikia anajifunza kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto.

Mwezi uliopita nilimwona sokoni. Alikuwa akichagua nyanya, moja moja, kapu limening'inia kwenye kiwiko. Aliniona, akaniamkia kwa heshima, akaniuliza hali za nyumbani. Nikamwambia hatujambo. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwomba radhi tangu miezi mingi nyuma, lakini akasema anawahi gari, na nikampisha apite.