Mkato Ambao Kompyuta Haikuusoma

Nilipoitwa kwenye kliniki ile ya Luanda Kotieno, kompyuta ya maabara ilikuwa imeshakufa. Radi ilipiga karibu, umeme ukaingia na kuunguza kila kitu ndani yake. Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina kibanda Kisumu, upande wa Obunga, na kliniki ndogo za ukingoni mwa ziwa hunipigia simu kwa sababu sikatai safari.

Aliyenipokea alikuwa mtaalamu wa maabara, mama wa makamo mwenye maneno machache. Mashine ya kupima damu ilikuwa imepona, lakini kioo chake kidogo kilikuwa kibovu kwa miaka. Matokeo yalisomeka kwenye kompyuta tu, kupitia programu iliyokuja na mashine hiyo kutoka Ulaya. Kampuni iliyoiunda ilikuwa imefungwa. Tulichobaki nacho ni nakala ya programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Yale maandishi ya asili, ambayo fundi angeweza kuyasoma na kuyarekebisha, hatukuwa nayo.

Nilikuwa nimebeba kompyuta ndogo yenye mfumo mwepesi ninaoupenda. Haunywi umeme mwingi, na kliniki ilitegemea sola. Nikainakili programu, nikaiamuru ifunguke. Kompyuta ikajibu kwamba faili haipo. Nilikuwa naiona pale pale kwenye orodha.

Nilijua tatizo. Programu nyingi hazijui kufanya kila kitu zenyewe. Kazi za kawaida, kama kufungua faili au kusoma namba, huziazima kutoka maktaba moja iliyomo kwenye mfumo, inayoitwa maktaba ya C kwa jina la lugha ya kompyuta. Programu ile ilizaliwa ikiitegemea maktaba kubwa iliyozoeleka. Mfumo wangu mwepesi ulikuwa na nyingine, ndogo, iliyoandikwa na watu wengine. Basi nikaweka kipande cha katikati cha kuziunganisha, nikajaribu tena, na dirisha la programu likafunguka vile vile kama zamani. Nilifurahi. Nilijitolea damu yangu mwenyewe ipimwe. Kipimo cha figo kikasoma 1.0, namba ya mtu mzima wa afya; ikipanda, figo zinaharibika.

Yule mama hakufurahi haraka. "Fundi, ile damu maalum ya kujaribia mashine imekwisha. Nimeagiza. Tungoje ifike kwanza."

"Itafika lini?"

"Sijui. Wiki mbili, labda zaidi."

Nje, benchi lilikuwa limejaa watu. Nikamwambia, "Mama, programu ni ile ile. Sijabadilisha hata herufi moja."

Alinitazama, akatazama benchi, akachukua glavu zake. Nilichosema kilikuwa kweli. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi, na kila mara bado ni kweli.

Kwenye benchi lile alikuwapo mwanamke muuza omena, dagaa wa ziwani, ambaye nilimfahamu. Kila nilipopita ufukweni alinifungia omena kwenye gazeti, akaniita nyathina, mwanangu, ingawa hatukuwa na undugu. Magoti yalimsumbua kwa miaka ya kuinama juu ya nyavu za kuanikia, naye alimeza dawa za maumivu asubuhi na jioni. Daktari wa kliniki alikuwa amemwonya kwamba dawa hizo zinaweza kuharibu figo, akamwamuru apimwe kila mwezi. Alipimwa mara tatu kwenye kompyuta yangu, ile damu ya kujaribia ikiwa bado haijafika. Mara zote ilisoma 1.0. Baada ya mara ya tatu daktari akamwambia figo ziko sawa, aendelee na dawa, arudi baada ya miezi minne.

Hakufikisha miezi minne. Miguu ilivimba, uso ukavimba, siku moja akashindwa kupumua akiwa kwenye omena zake. Walimkimbiza Kisumu. Huko walimpima wakakuta figo zimebaki jina tu.

Mtaalamu wa maabara alinipigia simu kesho yake asubuhi. Hakunisalimu. "Nimekutumia picha ya daftari la matokeo. Angalia namba."

Niliangalia. 1.0, 1.0, 2.0, 5.0, 1.0. Kurasa nzima, na kila namba iliishia na sifuri.

"Damu ya watu haiji hivyo," alisema. "Nimeziandika kwa mkono wangu na sikuona."

Nilifunga kibanda nikaenda. Nilifungua faili ambamo mashine ya damu huandika matokeo kabla programu haijayachukua, nikatafuta yale ya mama wa omena. Mashine ilikuwa imeandika 1,4. Mwezi uliofuata 1,7. Mara ya tatu 1,9. Kwa mkato, siyo kwa nukta, kwa sababu huko ilikotengenezwa ndivyo wanavyoandika. Programu ilipoanza iliiomba maktaba itumie desturi ya nchi hiyo. Maktaba ya zamani ilikuwa ikifanya hivyo. Hii ndogo ilijibu ndiyo, kisha ikasoma moja, ikakutana na mkato, ikakomea hapo, na programu ikaonyesha 1.0. Hakuna onyo lililotokea, wala herufi nyekundu. Tofauti hiyo haikuwa siri. Ilikuwa imeelezwa kwenye maandishi ya maktaba yenyewe, ukurasa ambao sikuusoma kwa kuwa dirisha lilikuwa limefunguka.

Siku hiyo nilirudisha mfumo wenye maktaba ya zamani. Kisha mimi na yule mama tulipitia majina yote, tukasahihisha, na kwa siku kadhaa tukatembea nyumba kwa nyumba kuwaita watu warudi. Wengi walikuwa salama. Wawili ilibidi wapelekwe Kisumu haraka, na hao waliwahiwa.

Nilikwenda kumwona mama wa omena wodini, siku yake ya kusafishwa damu. Alikuwa amelala, mipira miwili ikitoka shingoni mwake hadi kwenye mashine.

"Mama, zile karatasi za kliniki zilizosema uko sawa, zilikosea. Kompyuta ile niliiweka mimi."

"Ilikosea vipi?"

Nilimweleza habari ya mkato. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kile kidonge cha jioni," akasema, "ningekiacha."

"Ndiyo."

"Mara ya kwanza kabisa ningekiacha."

"Ndiyo, Mama."

Aligeuza uso ukutani. Nilidhani amelala, nikainuka. Ndipo aliposema, bila kugeuka, "Magoti hayaumi siku hizi. Sitembei." Sikujua kama ni lawama au habari tu. Niliketi tena mpaka mashine ilipomaliza.

Kwa miezi iliyofuata alikuwa akija Kisumu mara mbili kwa wiki. Nyavu zake ufukweni zikachukuliwa na mwingine. Nilikwenda kumwona kila nilipoweza. Tuliongea habari za bei ya samaki na mvua, na hakuniita tena nyathina. Alifariki siku ya Jumapili, kati ya safari mbili za kusafishwa.

Kwenye mazishi mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye shamba la miwa Muhoroni, alinivuta kando ya hema. Alisema wazee wanauliza nini kilitokea, na maneno ya hospitali hawayaelewi. Nikaingia kati yao, nikatafuta katika Dholuo, lugha ya wazee wale, neno la maktaba ya aina ile, sikulipata. Nikasema, "Niliwaletea watu wa kliniki kompyuta isiyojua kusoma namba za mashine yao, nikawaambia inajua. Sikuijaribu vya kutosha."

Mmoja akauliza, "Nani alikwambia useme inajua?"

"Hakuna."

Mwanawe aliniomba niondoke mlangoni mwa hema, waliobeba jeneza walikuwa wanataka kupita.