Suruali Yangu Mbele ya Soko Zima

Aibu hii niliwaficha watoto wangu kwa miaka mingi, lakini kwa vile mke wangu, Mama Eliya, ameshaanza kuwasimulia wageni, tena kwa kuongeza chumvi, heri niiseme mwenyewe, angalau nijitetee pale ninapoweza (si pengi).

Wakati huo mashamba yote ya Uasin Gishu yalikuwa ya Wazungu, na mji wa Eldoret wengi walikuwa bado wanauita Sikstifoo. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka Maragoli na mke wangu na mtoto wetu Eliya, nikapata kazi ya kushona kwenye veranda ya duka la Mhindi mmoja tuliyemwita Bhai, na kibanda chetu kilikuwa upande wa Yamumbi. Cherehani ilikuwa ya Bhai. Nikiikosa ile cherehani, hatukuwa na pa kwenda ila kurudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa, Jumapili moja kanisani tuliambiwa tupige magoti, nami nikapiga, na suruali yangu ikapasuka. Kwa nyuma. Kumbukeni mimi ni fundi wa suruali, na hiyo niliishona mwenyewe, tena mlangoni nilikuwa nimemwonyesha mtu jinsi nilivyoipiga pasi. Mpasuko haukuwa mkubwa, kidole kimoja kingepita (haya, viwili), lakini masikioni mwangu ulisikika kama mtu anachana shuka. Mtu mmoja nyuma yangu akakohoa. Kikohozi hicho ndicho kilichonimaliza.

Hapo nikakata shauri moja dogo, la kijinga: sitamwuliza mtu kama aliona. Hata mke wangu, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake, sikumwuliza. Niliishona ile suruali kimya kimya, nikatia na kiraka kwa ndani, nikajiambia yameisha.

Kesho yake nikielekea kazini nilipita njiapanda ambapo akina mama wa Kinandi hukaa na vibuyu vyao. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye meno mazuri sana, alinitazama, akatabasamu, akasema, "Cheko!" Na mwenzake akadakia, "Cheko! Cheko!" Mimi Kinandi sikujua hata salamu, na Kiswahili chenyewe nilikuwa nimekiokota njiani, lakini kicheko nilikijua, na hili cheko nikaona ni kicheko kilichokatwa kichwa tu. Nikainamisha uso, nikaongeza mwendo. Nikasema, basi, habari imeshafika mpaka barabarani.

Mawazo ya namna hiyo hayahitaji kulishwa, yanajilisha yenyewe. Mtu akipiga mluzi, ni suruali yangu. Mteja akicheka na mwenzake dukani, ni mimi. Nikaiacha ile njiapanda, nikawa nazunguka kwa njia ya kinamasi, nafika kazini nimechelewa na miguu imelowa, halafu nikaanza kuvaa koti refu la mvua hata jua likiwaka, ili lifunike mahali panapohusika. Chakula hakikupita. Usingizi haukuja, na mke wangu akiniuliza, "Baba Eliya, una nini?" namjibu, "Sina kitu," na namjibu kwa ukali, maskini, kana kwamba yeye ndiye aliyeishona ile suruali.

Siku moja nikashona shati mikono imegeuka, wa kulia kushoto na wa kushoto kulia. Bhai akaliinua, akalitazama mbele na nyuma.

"Fundi, kichwa yako iko wapi? Haribu ingine moja, mtu mwingine atakaa kwa hii mashini."

Nikaona sasa nafukuzwa kazi kwa sababu ya wale wanawake. Hasira ikanipanda. Nikasema siku ya soko nitawakabili mbele ya watu wote, wanyamaze kabisa.

Siku ya soko ikafika, nikavaa koti langu, nikaenda moja kwa moja. Pale njiapanda watu walikuwa wengi. Alikuwepo Mwalimu wetu wa kanisani, mwenyewe Mnandi, na (bahati yangu ilivyo) alikuwepo Bhai na mkebe wake mkononi, wa nini sikujiuliza. Yule mama akaniona. Akatabasamu vilevile. "Cheko!"

Nikasimama. Nikapaza sauti kuliko mhubiri.

"Mama, nakuheshimu, lakini imetosha! Ndiyo, suruali ilipasuka! Ilipasuka kanisani, nimekubali! Mimi ni mtu wa kwanza kupasukiwa? Na nimeshaishona! Haya, tazameni wenyewe!"

Na hapo, ndugu zangu, nikageuka, nikainua koti, nikainama ili waone mshono vizuri.

Hata punda aliyekuwa pale akaacha kutafuna. Halafu nikasikia Mwalimu akiniita polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Fundi. Huyu mama anauliza kama unataka maziwa."

"Anasema cheko!"

"Cheko ni maziwa. Kwa lugha yetu."

Nikashusha koti. "Na ile suruali?"

"Suruali gani?" akasema Mwalimu.

Yule mama akataka atafsiriwe, na Mwalimu, mtu mkweli, akamtafsiria yote bila kuacha neno. Mama akaketi chini akajishika tumbo. Kicheko kikatoka kwake kikaenda kwa jirani, kikafika kwa wauza kuku, watu wakicheka kwa Kinandi, kwa Kiluhya na kwa Kiswahili, na mimi nimesimama katikati natokwa jasho ndani ya koti la mvua. Aliyekosa kucheka ni Bhai peke yake. Yeye alinitazama tu, akasema, "Fundi wangu? Suruali yake mwenyewe?" Hakunifukuza, lakini alinitoa kwenye suruali akaniweka kwenye magunia na foronya, mpaka watu wasahau, na watu wa Eldoret hawakuwa na haraka ya kusahau.

Ila nilishangaa jambo moja. Wale watu walicheka mpaka wakachoka, wakafuta macho, wakarudi kuuza na kununua. Kile kicheko cha kichwani mwangu hakikuwahi kuchoka hata siku moja.

Nyumbani nikamweleza mke wangu yote, tangu kupiga magoti. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Eliya," akasema, "chai unayokunywa hapa kila asubuhi, unadhani naiwekea nini? Si hiyo cheko nanunua kwa yule mama? Kwa nini hukuniuliza?"

Machozi yakanitoka, mwanaume mzima, na sikuyazuia.

Tangu hapo niliapa: wazo likinijia kwamba watu wanasema hivi na hivi juu yangu, namwambia Mama Eliya kabla sijavua viatu. Mara nyingi ananiambia ni upuuzi, hakuna anayesema. Mara nyingine ananiambia ni kweli, wanasema. Hata hapo nala, nalala.