Mwendo wa Abasi

Mama mkubwa wangu, Mwanaheri wa Mlali, alikuwa mfinyanzi. Soko zima la Morogoro lilivijua vyungu vyake kwa midomo mipana. Lakini vyungu si habari. Ninataka kuieleza ile kazi yake nyingine, maana tuliobaki tunaoikumbuka ni wachache, na wanaoisimulia siku hizi wanasema uongo mtupu.

Nilipowekwa ndani, yeye ndiye aliyekuwa kungwi wangu. Mambo ya unyagoni siyasemi, na asiyeyajua asiniulize. Nitasema hili tu: miezi sita nilikaa chumbani, mlango ukifunguliwa mara moja asubuhi ili uji uingie na mwanga uingie. Siku moja, juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaona jembe la udongo mbichi. Kesho yake jembe lilikuwa limeota kidole cha mguu. Keshokutwa, vidole vitatu. Baada ya siku kumi lilikuwa na miguu miwili na limesogea hadi ukingoni, na mimi roho juu, sijui litaruka au halitaruka. Likashuka, likatembea, likaenda kumlima mwenye shamba. Baada ya jembe ukaja mlima uliochuchumaa mtoni kunawa uso. Kila siku alibadilisha kidogo tu, kiasi cha ukucha, kisha alifunika kwa majani mabichi ya mgomba ili udongo usipasuke. Wenzangu walitoka ndani wamenenepa. Mimi nilitoka nimenenepa na akili imepinda, na sijuti.

"Mama mkubwa, haya unayatoa wapi?" nilimuuliza.

"Nimeyaona," akasema. Basi.

Mumewe, Abasi, alichukuliwa mwaka wa vita vya Maji Maji. Msafara wa serikali ulipita Mlali ukielekea kusini, askari wakakusanya wanaume wa kubeba mizigo, naye akatwishwa sanduku mbele ya mlango wake mwenyewe. Wachache walirudi. Yeye hakurudi, wala hakuna aliyesema amemwona akifa. Shemeji yake mama mkubwa, Hatibu, ndugu wa Abasi, mtu mpole ambaye sina neno baya juu yake, alikuja kila mwaka baada ya mavuno kumwomba akae eda, ndugu wasome khitma, marehemu apumzike. Mama mkubwa alikataa. Alisema mtu aliye njiani hakaliwi eda. Wanawake kisimani wakasema ana wazimu, na laiti ningekuwa mkubwa wakati ule ningewapa vipande vyao.

Mwaka wa tano akanijia mjini, nami nimeshaolewa. Alikuwa amekonda.

"Pili mwanangu," akasema, "nimeanza kumsahau Abasi. Sura imeshaniponyoka. Umebaki mwendo, na huo nao jana nimeutafuta kutwa nzima shambani, nikaupata nusu."

Alilia, na mimi nikalia.

Karibu na soko alikuwapo Pravin, Mhindi mwenye duka la nguo, ambaye uani kwake alipiga watu picha kwa kamera ya miguu mitatu. Mama mkubwa alikuwa akimpelekea mitungi. Wiki ile nilimsindikiza, tukamkuta anachezea kijitabu kilichotoka Ulaya. Kila ukurasa ulikuwa na picha ya farasi, na ukiziachia kurasa upesi kwa dole gumba, farasi anakimbia. Pravin alitegemea tupige kelele. Mama mkubwa akakichukua, akakikagua ukurasa mmoja mmoja.

"Hii ni kazi yangu," akasema. "Ila huyu ana haraka."

Pravin akacheka.

"Nikikufinyangia mtu anayekwenda, utampiga picha kila anaposogea?"

Pravin akaacha kucheka. Miaka yote alikuwa akipiga picha watu waliokaa wamekakamaa, na nadhani alikuwa amewachoka. "Nitampiga, mama," akasema.

Wakafanya kazi kipupwe chote. Mama mkubwa alihamia kwangu, na kila asubuhi tulikwenda uani kwa Pravin. Walipiga picha saa tano tu, ili kivuli kisihame. Vioo vya kunasia picha vilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, na kikivunjika kimoja walingoja. Mama mkubwa alifinyanga nyumba yenye mlango na mtu mwenye urefu wa kiganja. Kabla ya kila hatua alitembea mwenyewe uani, mguu wa kushoto akiutupa nje kidogo, bega likishuka, akisimama, akirudia, huku mke wa Pravin akimtazama dirishani ameshika kinywa. Hatua ikikosewa, alimponda yule mtu na kumfinyanga upya. Hakumwonea huruma hata kidogo.

Abasi wa udongo akatoka mlangoni. Kichwani akapata sanduku dogo. Sanduku likakua, likafungua mdomo, likameza kichwa. Likameza mabega, likameza kiuno. Mwisho lilibaki sanduku lenye miguu miwili, likienda zake kwa mwendo ule ule wa Abasi.

"Mama, mbona linamla?" Pravin aliuliza.

"Ndivyo nilivyoona."

"Basi mfanye arudi," mimi nikasema. Nilishindwa kuvumilia.

Akanigeukia kwa ukali. "Sikumwona akirudi. Nitamfinyangaje?"

Picha zilikuwa sitini. Pravin alizisafisha, akazibandika kwenye kadi, akazishona kama vitabu vya kwao, mgongo kushoto. Siku ya kukabidhi alitutandikia mkeka uani. Mama mkubwa hakuwahi kushika kitabu kingine isipokuwa juzuu ya Kurani aliyosomea chuoni utotoni. Alikipokea kwa mikono miwili, akakilaza mgongo ukiwa kulia, kama alivyofunzwa, akaziachia kurasa.

Sanduku lenye miguu likaja. Likatema kiuno. Likatema mabega, likatema kichwa, likanywea hadi likatoweka, na Abasi mzima akawa anarudi kinyumenyume, mguu wa kushoto akiutupa nje kidogo, hadi kisigino kikagusa kizingiti, akaingia ndani.

"Mama, umeanzia mwisho," Pravin akasema, akanyoosha mkono amsaidie. Nikaushika mkono wake nikaurudisha. Mama mkubwa alikuwa ameziachia kurasa mara ya pili. Mara ya tatu akavuta magoti pembeni juu ya mkeka, kama mtu anayempisha anayeingia.

Ijumaa tukapanda Mlali. Tulimkuta Hatibu anaezeka banda la mbuzi.

"Shikamoo baba," nikamwamkia.

"Marahaba. Shemeji, kwema?"

"Abasi amerudi," mama mkubwa akasema.

Hatibu akashuka, akatazama njia nyuma yetu kwa muda mrefu. Hakuona mtu. Kisha akamtazama shemeji yake usoni.

"Nitandikie mkeka," mama mkubwa akasema, "nimkalie eda."

Hatibu akafuta mikono yake kwenye nguo, akaenda ndani kutafuta mkeka.