Genki Desu, Halafu Nikasubiri

Kijapani nilifundishwa garini, ndani ya pikapu ya mradi wa barabara, na mtu aliyekaa upande wa abiria na daftari dogo magotini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Yeye alikuwa mhandisi, mimi dereva wake. Kifaransa chake kilikuwa cha udongo na mawe, changu cha shule niliyoiacha njiani, kwa hiyo siku ya tatu akaamua nijifunze lugha yake. Hakuniuliza kama nataka. Maneno matano kila asubuhi, na kesho yake mtihani. Mtu mzima mimi, ndevu zimeshaota, napewa mtihani nikiwa kwenye usukani!

Hidari, kushoto. Migi, kulia. Massugu, moja kwa moja. Tomatte, simama. Hayo niliyashika upesi, maana ukiyakosea unaingia mtaroni. Kwetu Kigali r na l hubadilishana viti wakati wowote, na kumbe kwake ni yale yale, basi kwa hilo hatukusumbuana. Neno nililolipenda ni la jioni, nikishamfikisha kwake: otsukaresama. Alilisema akiinamisha kichwa. Nilipomuuliza maana yake akaigiza mtu aliyechoka, mabega chini, ulimi nje, kisha akaninyooshea kidole. Nikaelewa: pole na kazi. Angalau hilo halikuhitaji mtihani.

Nyumbani Biryogo niliishi na mama yangu, fundi cherehani aliyeshonea kanzu nusu ya mtaa mpaka kifua kilipomwangusha. Miezi ile alikuwa hashoni tena. Alilala kando ya cherehani yake, kaifunika kitambaa isiingie vumbi, na mtu wa kumwangalia nilikuwa mimi peke yangu. Asubuhi nichote maji, nimpikie uji, nimgeuze, nimfulie, halafu usukani mpaka jioni, halafu nianze upya. Wallahi nilikuwa nasinzia nimesimama. Kilichomfurahisha ni yale maneno tu.

"Mchina wako leo amekufundisha nini?" Mtaa mzima ulimwita Mchina, na nilishachoka kuwasahihisha.

"Arigato, mama. Ni ahsante."

"Arigato!" Akacheka mpaka akakohoa. "Na umemwambia mimi iko mgonjwa? Akupe hata siku mbili ukae na mimi."

"Nitamwambia, mama. Akiniuliza."

Na hapo ndipo ulipoanzia ujinga wangu. Kila asubuhi aliniuliza: Genki desu ka? Yaani, u mzima? Jibu lilikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari: Genki desu. Nami nikajibu kama tunavyojibu sote. Kwetu mtu akiulizwa habari husema nzuri. Nyumba imeungua, nzuri. Kuna maiti ndani, nzuri. Ile ya kwanza ni adabu tu, na anayeuliza anajua, kwa hiyo haishii hapo: Za nyumbani je? Wazee? Wote hawajambo kweli? Ndipo unashusha pumzi na kusema: nzuri, ila mama hali yake si nzuri. Hatumrukii mtu na shida zetu asubuhi asubuhi, hasa mkubwa wa kazi. Basi nilisema genki desu, halafu nikasubiri. Hata gari nililiondoa polepole ili nimpe nafasi. Yeye akatikisa kichwa, karidhika, akafungua daftari.

Nilimkasirikia, acha tu. Mtu gani huyu, nilijiambia, haulizi hata nyumbani kukoje? Na maneno nilikuwa nayo! Okaasan, mama. Byooki, ugonjwa, alinifundisha siku tulipopita mbele ya hospitali. Maneno mawili. Niliyashika mdomoni tangu Rwezamenyo, mtaa wa jirani yetu, mpaka kwake, asubuhi baada ya asubuhi, na kila nilipofika nikayameza. Uchovu una kiburi chake. Nilitaka mtu anione mwenyewe, bila mimi kusema.

Siku moja akatangaza kwamba tunakwenda Cyangugu kupima barabara, siku nne. Mama alikuwa hawezi tena hata kuketi. Jirani yetu, mjane aliyeuza maandazi mlangoni pake, akaahidi kukaa naye. Nilipokuwa natoka mama akanishika mkono, kwa mkono wake mkavu wenye alama za sindano.

"Mwambie leo," akasema.

"Ndiyo, mama."

Garini akaniuliza: Genki desu ka? Nikajibu: Genki desu. Nikasubiri mpaka tukavuka daraja la Nyabarongo. Akasema massugu, akaegemeza kichwa dirishani, akalala.

Siku ya nne alasiri nilimfikisha kwake. Akainama, otsukaresama, nikapanda Biryogo kwa miguu. Mlangoni petu nikakuta mikeka imetandikwa na viatu vingi. Watu wakanipisha njia. Yule jirani akaja akanishika mabega.

"Ihangane, vumilia, mwanangu. Ni jana asubuhi. Alasiri tukazika. Hatukujua tukutafute wapi."

Sikuwalaumu. Kwetu maiti haiwekwi kumngojea dereva. Niliingia ndani, nikakaa kwenye stuli yake ya cherehani, nikalia mbele ya watu bila haya. Jirani akasimama kando yangu, na nadhani hakukusudia kuniumiza aliposema mama aliamka asubuhi ile akauliza kama nimeshamwambia Mchina.

Sikwenda kazini. Siku ya tatu mhandisi akaja mwenyewe, akiulizia njia kwa mafundi cherehani wa uchochoroni. Viatu alivivua mlangoni bila kuambiwa, akaketi mkekani kati ya wanaume, magoti yamekunjwa vizuri kuliko yetu. Kisha akaongea kwa Kiswahili alichookota kwangu.

"Mimi uliza," akasema. "Kila siku mimi uliza wewe."

"Ndiyo. Uliniuliza."

"Wewe sema genki."

"Nilisema."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini nilipomtazama usoni nikaona hana kosa hata moja. Aliuliza, akaamini jibu langu. Nikamwambia kwa Kifaransa changu kibovu: kwetu mtu huulizwa mara mbili. Akalifikiria hilo. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akabaki hivyo, na wazee waliokuwepo wakatazamana, hawajui wamwinue au wamwache.

Nilirudi kazini wiki iliyofuata, kwa sababu sikuwa na la kufanya ndani ya nyumba ile. Asubuhi ya kwanza nikawasha gari. Genki desu ka? akauliza. Genki desu, nikasema, kwa mazoea. Hakufungua daftari. Alinigeukia, akasubiri, akauliza tena, polepole: Genki desu ka? Na akaendelea kuuliza mara mbili kila siku, miaka yote miwili aliyobaki Kigali, hakusahau hata mara moja. Nami mara ya pili nilimjibu vile vile, genki desu, na sasa ilikuwa kweli. Sikuwa tena na mgonjwa nyumbani.