Rozari Shingoni mwa Fundi wa Radio

Juma hili, kwenye hospitali moja ya hapa Uvira, nimeona ajabu: mashine mpya inapiga picha ya mapafu, na kompyuta inatafuta kifua kikuu palepale. Nusura nipige makofi!

Mbele yangu, mama mmoja wa Runingu, aliyechoshwa na kikohozi, alikataa kuvua rozari.

"Minye sivui. Iko inanilinda."

"Mama, chuma yake itafunika mapafu," akamsihi fundi wa radio, yaani mpiga picha hizo za mapafu.

Mama akafikiri, akaivua, akamvisha fundi. "Basi vaa weye. Ni weye unatafuta."

Punde si punde kompyuta ikajibu.

"Hakuna kifua kikuu, mama!" fundi akapaza sauti, na foleni nzima ikashangilia. Akataka kuirudisha rozari.

"Bakia nayo kwanza. Foleni ingali ndefu."

Mimi niliyemfuata sikupinga.