Wairimu na Neno la Kigiriki la Shida

Sijaamini bado. Asubuhi nimeshika simu nikaandika "umeamkaje?" kabla ya kukumbuka kwamba Wairimu hayuko tena.

Kwa wasiomjua: tulikaa desk moja accounts, kwa kampuni ya chakula cha mifugo hapa Thika. Aliishi Gatongora na mamake. Aliongoza Bible study ya akina mama kanisani kwao, na mwaka huu alikuwa anasoma Kigiriki online, lunch hour, chapati mkononi.

Siku moja akanigeukia. "Shiko, kuna neno hapa, stenochoria. Biblia yetu imeliweka 'shida' tu. Lakini kwa Kigiriki ni mahali pembamba. Umebanwa mpaka huwezi kugeuka. Ni uchungu wa aina hiyo."

Nikamwambia, "Na sisi kila email tunajibu hakuna shida."

Alicheka mpaka supervisor akatuangalia.

Halafu kichwa kikaanza kumuuma, kisha macho yakaanza kuona mbilimbili. Daktari akataka MRI, ile mashine ya sumaku ambayo unalazwa ndani ya bomba jembamba.

Mara ya kwanza alibonyeza ile kengele ya kuomba kutolewa, wanayokupa mkononi, hata kabla mashine haijaanza kunguruma. Wakamtoa. "Siwezi. Ndilo lile neno," akaniambia. "Nimeingia ndani yake."

Tuliporudi, wakaniruhusu niingie naye. Nikavua pete na mkanda, nikashika vidole vya miguu yake. Vilikuwa baridi. Kila hofu ilipomzidi alivikunja, nami nikavifinya ajue niko. Hakubonyeza tena.

Picha zikaonyesha uvimbe kwenye ubongo. Operation ikapangwa haraka.

Akina mama wa kanisa walikuja wodini. Mmoja akamwambia, "Usiogope, mwanangu. Kuogopa ni kukosa imani."

Wairimu akamjibu polepole. "Mama, Paulo alitumia hilo neno la kubanwa akieleza yaliyompata yeye mwenyewe. Hakusema ni dhambi. Mimi naogopa, na bado naamini. Niombee hivyo nilivyo."

Yule mama akaketi kitandani, akamkumbatia, akaomba kwa Kikuyu, sauti ikikatikakatika.

Walipomsukuma kwenda theatre alinishika mkono. "Naogopa, Shiko."

Sikumwambia asiogope. "Najua," nikasema. "Hata mimi."

Mlangoni nurse akatutenganisha.

Hakuamka.

Sasa naogopa vitu vidogo. Simu ikilia. Kichwa kikinigonga kidogo. Kile kiti kando yangu ofisini, ambacho hakuna mtu ameweza kukisogeza.

Kesho tunamzika. Mamake ameniomba niseme kitu, na mpaka saa hii sina hata sentensi moja.

Wairimu, kinachonitesa ni kwamba ule mlango uliupita peke yako. Sijui uliona nini. Sijui kama ulikuwa bado unaogopa. Kesho nitasimama mbele ya watu wako, hata sauti ikikataa, na mamako ataniona nimesimama.

Lala salama, rafiki yangu. Mimi nimebaki macho.