Godoro la Wageni Langoni

Shakir hushona sare za shule mjini Nyeri siku sita za wiki, na siku ya saba hufungwa mabao. Ni kipa wa klabu ya hoki ya wanaume, ana miaka arobaini na mitatu, na alingoja kumi na minane kabla klabu haijakubaliwa ligini mwaka huu. Pedi zake za miguuni alizikata kutoka kwa godoro la wageni. Mkewe, Nadhira, alimwekea sharti: siku mtakapofukuzwa ligini, godoro linashonwa upya na kurudi kitandani, nawe Jumapili unakaa nyumbani ukilaumu serikali kama waume wengine.

Kuteremshwa daraja hakukumtisha, maana chini yao hakuna daraja. Hatari ilikuwa kukosa mechi: ukikosa tatu kwa msimu, kwaheri. Ya kwanza walikosa kwa ajili ya kuchuma kahawa Gakindu, wanakotoka nusu ya wachezaji. Ya pili walikuwa mazishini. Marehemu hakuwa jamaa ya yeyote kikosini, lakini fahali alikuwa amechinjwa.

Ikabaki mechi ya mwisho, Nairobi, ya kwanza kwao kwenye nyasi bandia. Walifika mapema hadi wakajishangaa. Shakir, ambaye huhitaji nusu saa kujifunga lile godoro, akaingia kuvaa. Alipotoka alikuta wapinzani kumi na mmoja, mwamuzi, na uwanja unaochuruzika maji. Wenzake hakuna.

Mwamuzi alimwonyesha saa. Dakika kumi na tano, kisha wenyeji wanapewa ushindi wa bwerere.

Shakir akavuka barabara akitembea kama bata mjamzito, boda boda zikimpigia honi. Aliwapata kibandani, nyuma ya sinia la mandazi. Nahodha wao Jamleck, mpima maziwa, mtu asiyeharakishwa hata na ng'ombe, alimvutia kiti.

"Keti, mzee wetu. Wamemwaga maji kwa uwanja. Tunangoja ukauke."

Na hakuwa mjinga. Kule nyumbani hufanyia mazoezi shuleni, na mwalimu mkuu hapo amepiga marufuku mtu kukanyaga nyasi zikiwa zimelowa, kwa kuwa ndizo chakula cha ng'ombe wake. Msimu mzima hawa watu wamefunzwa jambo moja tu kuhusu hoki: uwanja ukilowa, nenda ukanywe chai.

Shakir alieleza kwamba maji humwagwa makusudi ili mpira uteleze vizuri. Kibanda kizima kikacheka. Jamleck akauliza ati nyasi ya plastiki ikinyweshwa maji itamea lini.

Zilikuwa zimebaki dakika sita. Shakir hakubishana tena. Alibeba sinia lote la mandazi, akatoka.

Mkulima wa Gakindu utamnyima usingizi, utamnyima kura, lakini si mandazi aliyokwisha kuyalipia. Walimfuata mbio, wote kumi, hadi katikati ya uwanja, na mwamuzi akapuliza kipenga kabla hawajagundua walikuwa wapi.

Jioni Nadhira alimpokea mlangoni, sindano na uzi mkononi.

"Mmefungwa ngapi, Baba Raudha?"

"Kumi na moja bila."

"Na godoro langu?"

"Limelowa," alisema Shakir, akilianika uani kwa heshima zote. "Lakini liko ligini."